Kilo Mbili Ulizonificha

Shikamoo mama.

Barua tulizofundishwa shuleni zilianza kwa kuulizana hali. Nimeanza hivyo, nikakata. Hali yako naijua. Nilisimama kwenye ule mteremko wa kwenu Ileje wajomba wakikushusha, udongo umelowa mvua mpaka kiatu cha mchungaji kikazama na mguu ukatoka na soksi tupu. Ungekuwepo ungecheka, halafu ungejifanya unakohoa usionekane huna adabu. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilisimama nimekaza taya, kama ninavyokaza nikijua ngumi inakuja.

Basi nikupe ya huku. Mama mdogo Atupele amehamia kwetu, anasema hawezi kuniacha peke yangu na nyumba nzima. Amekuja na mapazia yake ya maua, na imani yake kwamba wali unataka maji mengi. Tunakula kitu kinachokaribia uji na ninamshukuru kila mara. Foleni ya malori ya kuvuka mpaka imerudi hadi Mpemba na kupita, madereva wanaanika nguo kwenye vioo na kupika ugali chini ya matrela. Kwenye kwaya ya akina mama wamempa mtu mwingine nafasi yako ya sauti ya pili. Anaimba puani, Mungu anisamehe.

Na mimi bado napigana. Najua hilo ulitaka nilipitie haraka haraka.

Hukuwahi kuuita mchezo wangu kwa jina lake. Kocha Jofrei alikuja kwenye duka lako la nafaka na heshima zake zote, akakueleza kwamba ni ngumi, mateke na mieleka vikiwekwa pamoja, kwamba una sheria zake na una mwamuzi. Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Kwa hiyo ni roba." Tangu siku hiyo kila mteja aliyeniulizia ulimjibu, "Tusekile yuko Mpemba, anajifunza kupiga watu roba." Wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walikuwa hawaelewi, unawaonyesha kwa mkono shingoni, wanacheka mpaka wanasahau kupunguziwa bei.

Ulikuja mara moja tu kututazama mazoezini, kwenye lile ghala la zamani la mahindi tulilotandika mikeka. Ulinikuta niko chini, mwenzangu mzito amenikalia kifuani, na kazi yangu ilikuwa kupumua tu. Sio kumtoa, mama, kupumua. Kocha alikuwa anatuambia kwamba ukikaliwa hivyo kitu cha kwanza kukukimbia ni akili, pumzi inafuata, kwa hiyo shika akili kwanza. Ukasimama mlangoni na mfuko wako wa mboga, ukauliza kwa sauti, "Mwe! Na huko kukaliwa mnalipa ada?" Ghala zima likacheka na mwenzangu akanidondokea usoni kwa kucheka. Nilikasirika siku hiyo. Sasa hivi ningetoa chochote uje utuharibie mazoezi tena.

Kitu cha pili Kocha alichotufundisha kilikuwa uso. Alisema ukionyesha umeumia umemwonyesha mwenzako pa kupiga tena. Tulifanya zoezi la kupigwa teke la paja huku tukitazamana, na aliyekunja uso alirudia. Watu wanadhani ugumu wa mpiganaji uko kwenye misuli. Misuli ipo, tulikimbia ile barabara ya malori asubuhi tukimeza moshi, tulibebana migongoni kupanda kilima. Lakini wenye misuli wengi waliondoka wiki ya kwanza. Waliobaki ni wale waliokuwa na mahali pa kuweka maumivu, pa ndani, wakafunga.

Wenzangu walisema nimezaliwa na uso huo. Hawakukosea sana. Nilikuwa mdogo gunia la mahindi lilipokuangukia mguuni pale dukani. Nililiona kwa macho yangu. Ulimaliza kumpimia mteja, ukamsaidia kufunga kamba, ukamwambia karibu tena, halafu ukaingia nyuma ya magunia ukakaa chini na kuuma kitenge. Ukucha ule uling'oka. Baba alipotuacha akaenda zake Zambia, ulipika, ukafagia, ukafungua duka. Mimi nilijua hivyo ndivyo watu wanavyoumia.

Sasa nije kwenye mizani, maana ndiyo nimekaa kuandika.

Mizani ya Kocha ilikuwa ya kuwekwa bafuni, imekufa, ilikuwa inampa kila mtu uzito mmoja na mwingine akiikanyaga vibaya inampa wa mtoto. Kwa hiyo nilipokuwa najiandaa kwa pambano la hapa Tunduma nilipima kwako. Ile mizani ya chuma ya jukwaa, yenye mkono na jiwe la kusogeza, kila mtu sokoni aliijua. Watu walishusha mpunga kutoka Msangano wakapita maduka mengine yote wakaja kwako, kwa sababu mizani ya Mama Tuse haikuwa na maneno. Mzee Siame, ambaye hamwamini hata mkwewe, alikuwa anapita na mzigo wake mbele ya madalali waliokuwa wakimshika shati, anakuja kwako.

Kila asubuhi kabla hujafungua mlango nilipanda pekupeku katikati ya magunia. Ulikuwa unasogeza jiwe polepole, jicho moja umelifinya, halafu unatoa hukumu kama unavyowapa wakulima. "Haya mahindi hayajakauka. Rudisha juani."

Nilitakiwa kushuka mpaka kilo hamsini na mbili, na mwili wangu wa kawaida haukuwa karibu na hapo. Kocha aliona uzito huo ndio wenye nafasi ya kushinda, na mimi nilitaka kushinda. Nilikula kidogo, kisha kidogo zaidi. Mwishoni ikafika ile sehemu mbaya, ya kukata maji. Nilivaa makoti nikakimbia juani. Nilitafuna karanga na kuzitema. Midomo ikapasuka, mate yakawa kama gundi, nikakaa nikitazama ndoo ya maji ya kuoshea vyombo na kuionea wivu. Hii ndiyo sehemu ya mchezo wetu watu hawaioni ukumbini. Ngumi ya mwenzako inauma kwa muda mfupi. Njaa unayojifanyia mwenyewe, jikoni kwa mama yako, sufuria inachemka, hiyo inahitaji roho ya namna nyingine, na mimi niliona fahari kwamba ninayo.

Wewe hukuona fahari yoyote. Ulinikuta nimeangukia magunia ya mpunga, macho yamegeuka. Ulinimwagia maji usoni, nikafumba mdomo yasiingie. Nakumbuka ulivyonitazama tu, mama. Mtu mwenye maneno kama wewe!

Asubuhi iliyofuata nikapanda, ukasogeza jiwe, ukafinya jicho, ukasema, "Umekauka. Shuka ule." Niliangalia mkono wa mizani, umelala sawa kabisa kwenye hamsini na mbili. Nilikula ugali na maharage na parachichi zima, na machozi yakanitoka kwa utamu wa chumvi. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni umenipa mgongo. Na kila asubuhi iliyobaki mkono wa mizani ulilala palepale.

Na siku ya pambano ukaja. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko vyote. Ulikuwa umeapa kwamba hutakwenda kukaa kwenye kiti kutazama mwanao anapigwa, na kumbe ulifunga duka, ukavaa kitenge ulichokishona kwa ajili ya Pasaka, ukaja na wenzako wa sokoni mkajaza mstari wa mbele. Uzito ulipimwa asubuhi hapohapo ukumbini, mbele ya watu, waandaaji walitaka shamrashamra. Ukumbi ulikuwa na makuli, madereva, vijana wa bodaboda, wakulima waliokuja na mizigo. Nusu yao walikuwa wateja wako.

Nikapanda kwenye mizani yao ya umeme. Ikasoma kilo mbili na ushee juu. Nikavua fulana. Wakanizungushia taulo nikavua vyote. Ikasoma vilevile.

Sitaki kukuandikia kelele zile. Mpinzani wangu, Chanda, msichana wa Nakonde, alikuwa amekauka kama mimi nilivyokauka wiki ile, macho yameingia ndani, na kocha wake akasema hawapigani na mtu mzito, na alikuwa na haki. Mwandaaji akashika kipaza sauti akasema nimedharau mchezo, nitafungiwa mwaka mzima, na timu yetu yote pamoja nami. Wenzangu wawili walikuwa wapande ulingoni jioni ile. Kocha akaniuliza kwa sauti ya chini nimekula nini. Nilikuwa nimepima, mama, nilikuwa nimepima kwako.

Ndipo ukasimama. Mwanzoni nilidhani umekuja kunifunika kitenge. Ulikwenda moja kwa moja kwa mwandaaji, na ulikuwa bado una ile sauti ya biashara, ya kutafuta maelewano. "Jamani tuelewane. Sisi sokoni tunatoa kilo kwa ajili ya uzito wa gunia lenyewe. Huyu ana nywele hizo, ana maji ya asubuhi. Kilo mbili ndiyo nini? Si tunasameheana?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Nikaelewa papo hapo ulichokifanya, na nikaelewa pia kwamba wewe ulikuwa hujui. Ulidhani kupima watu ni kama kupima mpunga. Ulidhani mtu atagunaguna, utamwambia haya basi, na mambo yataendelea. Hakuna mama mwingine duniani angefanya kosa lile isipokuwa mama aliyekaa na magunia maisha yake yote.

Mwandaaji akakwambia binti si gunia, na kwamba ama amezembea ama amedanganya watu. Nikaona sauti ya biashara inakutoka. Ukageuka ukautazama ukumbi, ukasema, "Mtoto hajadanganya. Mizani ya dukani niliichezea mimi. Nililegeza skrubu ili aone ametimiza, ale. Alikuwa anakufa mbele yangu."

Sauti ya mwanamume kutoka nyuma ikasema, "Kumbe, Mama Tuse! Na mpunga wetu je?"

Watu wakacheka tena, ila kicheko hiki kilikuwa kingine. Wewe ulisimama nacho. Nimeona wapiganaji wakipigwa ngumi ya ini wakiendelea kusimama, ile ngumi ambayo mwili wenyewe unaomba ukae chini. Sijamwona hata mmoja aliyesimama kama wewe ulivyosimama pale umevaa kitenge cha Pasaka. Hukujieleza, hukumtafuta aliyesema. Ulingoja mwandaaji aseme adhabu imefutwa, kwamba mimi sina kosa na wenzangu watapigana, ukanishika mkono tukatoka. Njiani ukaninunulia soda.

Ulinirudishia jina langu ukatoa lako, na tulitembea mpaka nyumbani bila kulizungumza.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Video yako ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp, watu wameiwekea muziki. Wakulima wakaanza kuja na mizani zao za kuning'iniza, wanapima nje halafu wanakuja kupima kwako, wanalinganisha. Wengine hawakuja kabisa. Ulikuwa unawaachia wapime wanavyotaka na unawakaribisha kiti. Nilikwambia niende nikasimame katikati ya soko niseme, ukanikatalia. "Gwe, ukienda kupiga kelele utanizidishia. Nikijieleza nitaonekana najitetea. Acha." Ukarudi kuuza kwa debe na kisado, na ile mizani ukaifunika na magunia matupu.

Nikakuta tunaishi kama watu wawili walio mkekani, kila mmoja anamficha mwenzake pa kupiga. Uliniwekea nyama kubwa, nikasema ahsante mama. Nikakuletea maji ya kuoga ya moto, ukanishukuru kwa lugha ya kwenu, ndaga mwanangu. Ulikuwa unaumwa kichwa kila siku na ulikuwa unasema ni jua. Nilikuwa nataka kukuambia kwamba sijakasirika, kwamba pambano lile si kitu, na kila nilipofungua mdomo nikauona uso wako umefungwa, nikafunga wangu. Ulinirithisha ugumu, mama, na kocha akaunoa. Hakuna aliyetufundisha mahali pa kuuvua, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Hilo ndilo ninalojutia, na nadhani na wewe ulilijutia, kwa sababu nilipokuwa naondoka kwenda Mbeya kufanya mazoezi na timu kubwa, ulishika mlango wa basi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika mpaka konda akaguna.

Kwenye simu ulikuwa unauliza nimekula. Nasema nimekula. Unasema haya.

Siku mama mdogo aliponipigia kwamba umeanguka dukani, presha, wamekupeleka hospitali, nilipanda gari la kwanza. Lilipofika Mpemba likakuta foleni imesimama. Malori pande zote, dereva wetu akazima injini. Nikashuka nikakimbia. Ile barabara niliikimbia asubuhi ngapi, mama, najua kila tuta lake. Nilipita malori kwa malori, madereva wananipigia honi, na mwili wangu haukuchoka. Ulikuwa mwepesi kabisa. Nilikuwa na pumzi ya kufika Zambia na kurudi. Nilifika wodini sijahema hata kidogo, na mama mdogo alikuwa amekaa sakafuni nje ya mlango, nikajua. Pumzi yote ile, na wewe yako ilikuwa imeisha.

Kuna jambo la msibani lazima nikwambie, na linaniuma kuliko kaburi. Mjomba aliposoma wasifu wako, alisoma ulivyozaliwa, ulivyoolewa, akafika mahali palipoandikwa kwamba ulikuwa mfanyabiashara mwaminifu wa nafaka. Pale nyuma, kwa watu waliotoka sokoni, mtu akakohoa. Mwingine akamjibu kwa kukohoa. Mjomba akaendelea kusoma kama hajasikia. Na mimi, ninayekaliwa kifuani nikapumua, nilikaa kwenye kiti cha wafiwa na mdomo umeshonwa.

Tulipomaliza matanga na watu wametawanyika, mama mdogo aliniambia kitu huku anachambua maharage. Alikuwa amelala kwetu siku zile za njaa yangu, unakumbuka, alileta mzigo wake wa maharage. Alikuona. Alisema ulikuwa unaigeuza ile skrubu mimi nikiwa naoga, na nikishuka tu unairudisha, halafu unapanda wewe mwenyewe kuhakikisha imekaa sawa, ndipo unafungua mlango kwa wateja. Kila mara. Alikuuliza unafanya nini, ukamwambia, "Nampunja Tuse. Wengine hapana."

Nilicheka, mama. Nilicheka mpaka mama mdogo akaogopa, halafu kilichofuata hakikuwa kicheko.

Nikaamua nitalisema, na nitalisema palepale. Waandaaji walirudi kufanya mashindano kwenye ukumbi uleule, Kocha akaniandikisha kwa uzito wangu halisi. Nilikula mpaka siku ya mwisho. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nashinda, mshindi anapewa kipaza sauti, naongea. Nilijifunza maneno kabisa nikiwa naosha vyombo.

Nikapoteza.

Alikuwa msichana wa Mbeya, mrefu, mtulivu, ananizidi kila kitu isipokuwa hasira. Raundi ya pili alinipitia mgongoni akaniwekea kabali, roba yako ile, imekaa sawasawa. Masikio yakajaa maji. Kuna muda mfupi hapo ambao mtu anachagua: azimie kwa ubishi, au agonge mkeka akubali. Zamani ningezimia. Niligonga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kugonga mbele ya watu, na dunia haikupasuka.

Mwamuzi akainua mkono wa mwenzangu, akapewa kipaza sauti, akashukuru Mungu na kocha wake. Nikaenda nikasimama mbele ya mtangazaji, mdomo umevimba, nikaomba niseme neno. Akaniambia aliyeshindwa haongei, dada, ratiba imebana. Watu wakaanza kupiga miluzi nishuke. Sikushuka. Nilikuwa nimesimama tu, sina cha kufanya, na nakuambia kweli niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ngumi yoyote. Yule msichana aliyenikaba ndiye aliyechukua kipaza sauti mkononi mwa mtangazaji akanipa.

Maneno niliyojifunza yakapotea yote. Nikasema, "Mimi ni mtoto wa Mama Tuse wa mizani. Mnamcheka mpaka leo. Alinipunja mimi peke yangu, kwa sababu nilikuwa nakufa njaa na sisikii. Nikishuka aliirudisha. Mpunga wenu aliupima sawa maisha yake yote, na alikubali mumcheke ili mimi nisifungiwe. Amekufa. Nilitaka mjue." Nikaongeza ahsanteni, maana sikujua watu wanamalizaje.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Sasa wewe ungesema nini, si mama yako," na mtangazaji akaita pambano linalofuata. Kocha akanifunika taulo, tukatoka. Nilidhani nimekuaibisha mara ya pili.

Siku ya soko nikafungua duka. Nilikuwa nimeifunua mizani, nimeifuta vumbi na kuipaka mafuta, nimewaita watu wa vipimo wakaipiga muhuri mpya, ila wateja walikuwa wale wa kisado. Karibu na saa nne ikaingia guta imejaa magunia, juu yake amekaa mzee Siame, ameshika kofia. Tangu ile siku yako hajawahi kushusha mzigo kwetu bila mizani yake ya kuning'iniza. Alishuka polepole, akanipa pole ya msiba kana kwamba ni jana, akawaambia makuli washushe yote ndani. Nikamwambia, "Mzee, karibu usogee tupime pamoja." Akaangalia mizani, akaniangalia mimi na mdomo wangu uliovimba.

"Pima wewe," akasema. "Mimi nakwenda kunywa chai. Ukimaliza utaniita."

Akavuka barabara, akakaa kwa mama ntilie akiwa ametugeuzia mgongo, mimi na mizani.

Nilipima mpunga wote ule peke yangu, mama, na sikuona namba vizuri, ikabidi nirudie mara mbili mbili nisije nikampunja mzee wa watu. Wengine hawajarudi na huenda hawatarudi. Aliyekohoa msibani bado anapita mbele ya duka bila salamu. Lakini mmoja ameigeuzia mizani yako mgongo akanywa chai, na mimi nilikuwepo nikaona, na wewe ndiye uliyestahili kuona.

Sasa nakuaga, maana mama mdogo ananiita nikale wali wake. Lala salama huko mlimani, mpendwa wangu. Mapigano sitaacha, usilitegemee hilo, lakini nakuahidi nitapigana kwa uzito ulionizaa nao, na ule uso wa mkekani utabaki mkekani. Nikiumia nitasema, nimwambie mama mdogo, nimwambie mume nikimpata, niwaambie watoto wangu wasikie kwa masikio yao. Naanza na wewe.

Inauma, mama. Inauma sana.

Mimi mwanao,
Tusekile